Mstari wa njano kuelekea Gelai

Mtoto aliyenisimamisha alikuwa na miaka kumi hivi. Alisimama katikati ya njia, fimbo ameilaza mabegani, mkono mmoja juu, na hakutaka kupisha. Nikakanyaga breki, nikazima injini. Kwenye simu niliyoifunga juu ya dashibodi, mstari wa njano ulinyooka mbele yangu kama uzi: kilomita 11 hadi kambini. Mtoto hakujua Kiswahili kingi. Alisema neno moja tu, "Korongo," akaelekeza kwa fimbo.

Nilishuka nikatembea hatua kama thelathini. Njia ilikatika ghafla. Mbele ya miguu yangu palikuwa na ukuta wa majivu ya kijivu, umechongwa wima na mafuriko, kina chake kinampita mtu mrefu, na chini kuna mchanga ambao bado ulikuwa na unyevu. Ng'ambo njia ileile ilianza tena, nyayo za matairi ya zamani bado zinaonekana, kipande cha katikati tu ndicho kimemegwa. Niliokota jiwe nikalitupa ukingoni. Pande la majivu lenye ukubwa wa meza likaporomoka nalo, bila kishindo.

Ilikuwa Aprili 2018, masika yamekolea. Nilikuwa nimetoka Mto wa Mbu alfajiri na Land Cruiser mkonga, nyuma nimepakia mahema, magodoro, mitungi miwili ya gesi na maji lita 400, pembeni yangu mpishi. Tulikuwa tumeiacha barabara ya Engaresero baada ya Engaruka, tukakata kulia tuvuke uwanda kwenda upande wa Mlima Gelai, kando ya Ziwa Natron. Kushoto kwetu kulikuwa na Kerimasi, na mbele yake Ol Doinyo Lengai. Eneo lile lote ni majivu ya volkano. Lengai ulipolipuka mwaka 2007 na 2008 ulimwaga mengine juu ya yale ya kale. Yakiwa makavu unaendesha kwenye unga. Mvua kubwa ikishuka kutoka nyanda za juu, maji hayafuati korongo la jana, yanajichimbia jingine usiku mmoja.

Simu haikukosea. Ilinionyesha mahali nilipo, pengine kwa mita tano za shaka, na ilinionyesha njia ambayo mtu fulani aliipita kweli siku fulani. Kosa lilikuwa langu. Mstari ule niliusoma kana kwamba ni barabara iliyopo, kumbe ulikuwa habari ya msimu uliopita. Kwa sababu hiyo, wadogo zangu madereva wanaponiuliza pale Arusha ni programu gani nzuri ya ramani za porini, kwanza nawauliza: mstari utakaoufuata ni wa nani, na wa mwezi gani?

Lakini kabla ya hapo kuna jambo ambalo bado linawachanganya wengi. Simu haihitaji mtandao ili ijue ilipo. Nimekutana na dereva amesimama chini ya mgunga, simu yake nzima kabisa, anasema hawezi kujua alipo kwa sababu bando limeisha. Setilaiti za GPS ziko juu yetu kiasi cha kilomita 20,200, zinatangaza muda na mahali zilipo saa zote. Simu inasikiliza tu, kama redio. Ikizisikia nne inaweza kupiga hesabu ya mahali ulipo pamoja na mwinuko. Simu za siku hizi zinasikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, ndiyo maana hata kwenye bonde lenye kuta ndefu bado unapata kitu. Kinachohitaji bando ni picha ya ramani yenyewe, na hiyo unaipakua nyumbani.

Kuna mahali mtandao unasaidia, napo ni mwanzoni. Simu iliyokaa muda mrefu imezimwa, au iliyosafirishwa mbali, inahitaji kujua setilaiti zipi ziko wapi. Ikiwa na mtandao inazipata habari hizo kwa sekunde chache. Isipokuwa nao inabidi izipokee kutoka angani kwa biti 50 kwa sekunde, na orodha nzima ya setilaiti huchukua dakika 12 na nusu kufika. Kwa hiyo naiwasha programu Mto wa Mbu, minara ikiwa bado ipo, nasubiri kidoti cha bluu kitulie, ndipo naondoka. Dereva mgeni hukutana na hali hiyo akiwa katikati ya vumbi, anaona kidoti hakitokei, anadhani simu imekufa.

Kwa programu za ramani, mimi natumia OsmAnd kwa sababu inarekodi safari vizuri na inakubali nipakue mistari ya mwinuko na kivuli cha milima. Organic Maps ninayo pia, ni nyepesi na inafunguka haraka. Tracks4Africa ina njia nyingi zilizopitwa na wasafiri wenyewe, hasa ukienda kusini. Na bado nina Garmin ya mkononi, ile ya betri za kalamu, kwa sababu simu iliyopigwa na jua la Natron juu ya dashibodi inajizima kwa joto, na inajizima pale pale unapoihitaji. Simu yenyewe naiweka mbele ya tundu la hewa, si kwenye kioo. Usiku naandika koordinati, yaani namba za mahali, za kambi kwenye daftari kwa kalamu ya risasi.

Kazi kubwa naifanya jioni ya kabla ya safari, mezani, na kompyuta ya kijana wangu. Naifungua Google Earth, naivuta ile saa ya miaka, naangalia sehemu moja jinsi ilivyokuwa miaka tofauti. Korongo linaonekana kama mkanda mweupe wenye miti pande zote mbili. Ukikuza picha unaona mahali magari yanaposhukia: njia inajipanua, inakuwa kama mguu wa bata, kwa sababu kila dereva alitafuta pa kwake. Ukiona mguu wa bata huohuo kwenye picha za miaka mitatu, kuna mwamba au kokoto chini, hapo pana matumaini. Ukiona umehama kila mwaka, ujue hapo ni majivu matupu. Nachora mstari wangu, nautoa kama faili la GPX, lile la kuhifadhia njia na alama, nauhamishia kwenye simu. Na kila korongo naliwekea alama, na ya pili ya akiba, juu zaidi au chini zaidi.

Mistari ya mwinuko nayo isomwe: ikibanana, hapo ni mteremko mkali. Mshale wa simu hupima umbali anaoruka kunguru, moja kwa moja bila kona. Niliwahi kuona "kilomita 9" kutoka bondeni hadi kijiji kilichoko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na mgeni aliyekuwa pembeni yangu akaanza kufunga vitu vyake. Mistari ile ilikuwa imebanana mpaka imekuwa doa jeusi. Tulipanda zile kona kwa gia ndogo saa nzima na zaidi. Muda unaokadiriwa na programu mimi siutazami kabisa. Kwenye majivu na mawe naweka kilomita 15 kwa saa, na dizeli naipigia hesabu ya mara moja na nusu ya umbali ulioandikwa.

Hapa nataka kukaa kidogo kwenye namba, maana ndizo zilizonihangaisha kuliko korongo lolote.

Kampuni moja ilinitumia koordinati za kambi karibu na Gelai kwa ujumbe wa simu. Zilikuwa namba za UTM, zile za mita, bila kutaja kanda. Dunia katika UTM imegawanywa kanda za nyuzi 6 kila moja, na namba zilezile zinarudiwa katika kila kanda. Sasa tazama: mpaka kati ya kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo ya nyuzi 36, na mstari huo unapita ndani ya Ziwa Natron lenyewe. Lengai na Engaresero viko kanda ya 36. Gelai na Arusha ziko 37. Simu yangu ilikuwa imewekwa 36 tangu safari iliyotangulia. Nilipoingiza zile namba, alama ya kambi ilitua Burundi kaskazini, zaidi ya kilomita 600 magharibi ya pale. Kosa la namna hiyo lina heri, linaonekana mara moja.

Baya ni dogo. Mtu anakusomea kwa simu, "mbili nukta arobaini na tano." Je, ni nyuzi 2 na dakika 45, au ni 2.45? Dakika 45 ni robo tatu ya nyuzi, yaani 2.75. Ukikosea hapo umepotea kilomita 33, na kilomita 33 uwandani bado ni uwanda uleule, milima ileile kwa mbali, huoni cha kukushtua mpaka jua linazama. Siku hizi nikisomewa namba namrudishia msemaji kwa maneno: nyuzi ngapi, dakika ngapi, kusini au kaskazini.

Lipo na la tatu. Dereva aliyenifundisha kazi aliniachia karatasi ya ramani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Ina kisima kimoja ambacho nilikuwa nakitafuta. Nikasoma koordinati zake kwa rula, taratibu, nikaziingiza kwenye Garmin, nikaenda. Mashine ikasema nimefika. Nilikuwa nimesimama kwenye vichaka vya wait-a-bit, ile miiba yenye kulabu, na hapakuwa na kisima wala dalili ya ng'ombe kunywa. Tulizunguka kwa miguu karibu saa nzima. Kisima kilikuwa kusini yetu, kiasi cha mita 300. Baadaye ndipo nikasoma maandishi madogo ya pembezoni mwa karatasi: datumu yake, yaani msingi ambao namba za mahali zinahesabiwa kutoka kwake, ni Arc 1960, ile iliyotumika kupimia Afrika Mashariki. GPS inatumia WGS 84. Namba zilezile katika datumu hizi mbili, kwa huku kwetu, zinatofautiana mita 300 hivi, nyingi zikiwa kwenye mhimili wa kaskazini na kusini. Karatasi ilikuwa sahihi, mashine ilikuwa sahihi. Kwenye Garmin kuna sehemu ya kuchagua datumu. Ukichukua namba kutoka ramani ya zamani, ibadilishe, uingize namba, kisha uirudishe WGS 84 kabla hujasahau.

Turudi kwa yule mtoto. Alituongoza kwa miguu, sisi tukimfuata na gari polepole, mpaka kwenye boma la babu yake. Mzee alitoka, tukasalimiana, nikamweleza tunakoelekea. Nikamwonyesha simu. Aliitazama kwa adabu, kisha akachuchumaa akachora chini kwa ncha ya fimbo. Mstari mrefu: korongo. Mistari mifupi miwili inayoukata. "Hapa gari zenu," akasema, akiugusa wa kwanza, "pamekufa. Hapa ng'ombe."

Nikamuuliza, kuuliza si ujinga: "Mzee, pa ng'ombe gari litapita?"

"Ng'ombe mia mbili wanashuka kila siku, kijana wangu. Kwato zimelainisha ukingo. Na chini pana mawe, ng'ombe hapendi kunywa kwenye tope."

Palikuwa juu zaidi, kama mita 400 kutoka pale njia ilipokatika. Ukingo ulikuwa umekuwa mteremko mpana, umeshindiliwa, na samadi imechanganyika na majivu ikawa ngumu kama sakafu ya nyumba. Nikapunguza upepo kwenye matairi, nikaweka gia ndogo, nikashuka na kupanda ng'ambo bila kuteleza hata mara moja. Katikati ya korongo nikasimama sekunde kadhaa kuweka alama kwenye simu. Niliipa jina: "Pa ng'ombe, mawe chini, Aprili 2018."

Tangu hapo kila alama yangu ina mwezi na mwaka. Na rekodi ya safari huwa inawaka muda wote, pointi moja kila sekunde tano. Angalia jambo moja: simu nyingi za bei ya kawaida huzizima programu zinazoendelea kufanya kazi kioo kikiwa kimezimwa ili kutunza betri. Unadhani unarekodi, kumbe iliishia ulipozima kioo. Ingia kwenye mipangilio uiruhusu programu yako, halafu ijaribu mjini kwa nusu saa kabla ya kuitegemea porini.

Faida ya rekodi niliiona kando ya Natron. Kusini mwa ziwa kuna eneo tambarare ambalo likikauka linafanya ganda la magadi, jeupe, na chini yake kuna tope jeusi lenye harufu. Ganda hilo ni kama ukoko wa wali: hapa linabeba, hatua mbili mbele linavunjika. Tuliingia asubuhi na wageni waliotaka kuwaona heroe karibu, nikipima kwa miguu na chuma kila nilipotilia shaka. Wakati wa kutoka upepo ulikuwa umeinua vumbi jeupe, Lengai umepotea, ziwa limepotea, mbele ya boneti ni maziwa matupu. Nyayo zetu za asubuhi zilikuwa zimeshafutika. Nikavuta kioo cha simu karibu, nikakuza mpaka mwisho, nikaweka kidoti juu ya mstari mwekundu wa safari yetu wenyewe, nikaendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mpishi alitoa kichwa dirishani akawa anaangalia gurudumu la kushoto. Pale mstari ulipopinda, nilipinda, hata kama sikuona sababu. Sababu nilikuwa nimeiona asubuhi. Tulifika kwenye mawe baada ya dakika arobaini.

Mstari wako mwenyewe unaufuata hivyo, macho yamefungwa karibu, ikiwa ni wa siku hiyohiyo. Wa mtu mwingine unaufuata macho yako wazi.

Baadhi ya njia zangu nimezirudisha kwenye OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na ambayo programu hizi nyingi zinachota humo. Kwetu watu wengi waliijua kupitia Ramani Huria, vijana waliozichora mitaa ya Dar es Salaam kwa ajili ya mafuriko. Kule porini inahitaji madereva. Ukichora njia usiishie kwenye mstari. Kuna mahali pa kuandika kama ni ya gari la kuvuta magurudumu manne tu, kama uso wake ni mchanga au mawe, kama kivuko ni cha msimu. Andika na majina. Majina ya Kimaasai ni maelezo tosha kwa msafiri: engare ni maji, Engare Naibor ni maji meupe, Engare Narok ni maji meusi. Ramani isiyo na majina hayo imeacha nusu ya habari nje.

Siandiki kila kitu, lakini. Njia ya mkato inayopita mlangoni mwa boma la watu siiweki. Mahali nilipomwona faru sipaweki, na wageni wangu nawaomba wazime kumbukumbu ya mahali kwenye kamera za simu zao kabla ya kupiga picha. Ndani ya hifadhi za taifa kutoka nje ya njia ni kosa, na mimi sitamchorea mtu mstari wa kumsaidia kulifanya. Hata nje ya hifadhi, kwenye majivu, gari moja likikata uwanda wakati wa mvua linaacha mifereji miwili. Maji yanaipata. Misimu michache baadaye hapo pana korongo, na mzee anazungusha ng'ombe wake kwa sababu ya mkato wa mtu aliyekuwa na haraka.

Alama ya "Pa ng'ombe" nimeihamisha mara mbili tangu 2018. Mara ya mwisho nilikuta kivuko kimepanda juu zaidi, karibu na mgunga mmoja mkubwa ulioinama. Yule mtoto aliyenisimamisha sasa ni kijana mwenye shuka jekundu na simu ya kioo. Nimemwekea OsmAnd, nikamfundisha kuweka alama na kunitumia. Anapanda kilima chenye mtandao, anatuma. Wiki iliyopita kulikuwa na mvua usiku mbili mfululizo. Jumapili asubuhi simu ikalia: alama moja ya mahali, picha ya ukingo uliovunjika na maji ya rangi ya chai chini yake, na maneno haya.

"Shikamoo dereva. Babu anasema pa ng'ombe bado pazuri ila maji yanafika goti. Usije kabla ya Jumatano."

Nimewaambia wageni tutaondoka Alhamisi.